Tutengeneze Jiko Letu na Mahali pa Kulia

Ndugu msomaji, leo jioni simama mlangoni pa jiko lenu wakati chakula kinapikwa. Usiingie kwanza. Tazama tu. Tazama moshi unatokea wapi. Tazama kuta zina rangi gani. Tazama moto uko wapi, na mtoto mdogo amekaa wapi. Kisha mtazame mama anayepika. Je, anafuta machozi? Je, anakohoa?

Sasa jiulize: katika nyumba yetu, ni chumba gani kinachofanya kazi kuliko vyote? Wengine watasema ni sebule. Si kweli. Chumba kinachofanya kazi kuliko vyote ni jiko. Moto huwashwa humo alfajiri, nao huzimwa usiku. Lakini tukiuza mazao na kupata fedha, jiko ndilo tunalolikumbuka mwisho. Tunanunua viti vya sebuleni, ambavyo mgeni huvikalia mara moja kwa mwezi. Mama hukaa jikoni kila siku, tena akiwa na mtoto mgongoni.

Katika ukurasa huu tutaeleza namna ya kutengeneza jiko la zamani na mahali pa kulia, bila kubomoa nyumba na bila kukopa. Kazi nyingi utaifanya kwa mikono yako mwenyewe. Vitu vingi vinavyotakiwa unavyo tayari, au viko karibu na kwako.

NYUMBA MOJA YA MFANO

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kijijini. Wanaishi humo baba, mama, bibi na watoto wanne. Nyumba yao kubwa ni ya matofali ya kuchoma. Jiko liko nyuma ya nyumba. Ni banda la miti na udongo, lenye paa la bati la zamani. Upana wake ni mita 3, na urefu wake ni mita 3. Lina mlango mmoja na halina dirisha. Mafiga matatu yako katikati.

Baba hulia sebuleni peke yake. Mama, bibi na watoto hulia jikoni, wakiwa wamekaa chini kuzunguka mafiga. Kila mtoto hunyoosha mkono kwenye sinia moja. Mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba.

Jioni moja mtoto wa miaka miwili alijikwaa kwenye ukuni uliotokeza nje ya mafiga. Sufuria ya maji ya moto ilipinduka. Maji yalimwagika hatua moja tu kutoka miguuni mwake. Mtoto alilia kwa hofu, lakini hakuungua. Usiku ule mama hakulala vizuri. Alijua kwamba siku nyingine hatua moja haitatosha.

Tena mama alikuwa na kikohozi cha miezi mingi. Alikwenda zahanati, akapimwa makohozi. Hakuwa na kifua kikuu. Mganga akamwuliza, "Unapikia nini, mama?" Akajibu, "Kuni." Akaulizwa tena, "Jiko lako lina dirisha?" Mama akanyamaza.

Baada ya mavuno waliuza mahindi. Baba akasema, "Mama watoto, mwaka huu tulibomoe lile banda. Tujenge jiko jipya la tofali za saruji."

Wakamwita fundi. Fundi alipiga hesabu ya tofali, saruji, mbao na bati. Jumla ilizidi fedha zote za mahindi, na watoto walikuwa bado hawana sare za shule.

Ndipo mama aliposema, "Baba watoto, lile banda halina kosa. Kosa ni moshi. Ukinijengea jiko jipya lisilo na pa kutokea moshi, nitakohoa ndani ya jiko jipya."

Baba alifikiri sana juu ya maneno hayo. Ndugu msomaji, nawe yafikirie. Watu wengi hutumia fedha kubadilisha kuta, na wakaacha kile kinachowadhuru kikiwa palepale.

CHUKUA DAFTARI NA KALAMU

Binti yao mkubwa yuko darasa la sita. Alileta daftari na kalamu. Wote waliingia jikoni, hata bibi, wakaandika orodha 3.

Orodha ya kwanza: Mambo yanayotudhuru. Waliandika: moshi, moto ulio chini, giza, vumbi la sakafu, vyombo vinavyokaa chini, watoto kula karibu na moto.

Orodha ya pili: Vitu tulivyo navyo. Waliandika: udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni, mawe, matofali ya kuchoma yaliyobaki, miti, kipande cha bati la zamani, dumu la lita 5, na mikono yetu.

Orodha ya tatu: Vitu vya kununua. Orodha hii waliiandika mwisho. Ikawa fupi kuliko walivyotazamia.

Nawe fanya hivyo. Usianze na orodha ya dukani. Ukianza na orodha ya dukani, fedha zitakwisha kabla hujafika kwenye jambo linalokudhuru. Tena usiandike peke yako. Anayepika kila siku ndiye anayejua jiko lina kasoro gani. Mwache aseme wa kwanza.

MOSHI UNADHURU VIPI?

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huingia ndani kabisa ya mapafu. Kuvuta moshi huo miaka mingi huleta kikohozi kisichokwisha na magonjwa ya mapafu na ya moyo. Macho nayo huharibika.

Watoto wadogo huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa nyumbani karibu huongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa majumbani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo kumtolea mama moshi jikoni si kumpendeza tu. Ni kuokoa maisha.

KAZI YA KWANZA: TOBOA DIRISHA

Kazi hii haina gharama kubwa. Anza nayo.

Dirisha liwe upande unaotazamana na mlango, ili hewa ipite moja kwa moja. Liwe juu, kwa sababu moshi hupanda. Upana wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 60 vinatosha.

Kama ukuta ni wa miti na udongo, usikate nguzo. Kata fito zilizo kati ya nguzo mbili tu. Weka fremu ya miti minne, kisha ziba pembeni kwa udongo. Kama ukuta ni wa matofali, mwite fundi. Juu ya dirisha lazima pawekwe mti mgumu wa kubeba matofali ya juu, ama sivyo ukuta utaanguka.

Acha pia nafasi ya upana wa kiganja kati ya ukuta na paa. Watu wengi huziba nafasi hiyo kwa udongo. Usiizibe. Hapo ndipo moshi unapotokea.

KAZI YA PILI: JENGA JIKO BANIFU LA UDONGO

Mafiga matatu hupoteza moto. Upepo huupeleka huku na huku, na sehemu kubwa ya joto haifiki kwenye sufuria. Jiko banifu huufungia moto ndani ya udongo, ukaenda chini ya sufuria. Kwa hiyo kuni hutumika kidogo, na mtoto hawezi kuangukia motoni kwa urahisi.

Fuata hatua hizi:

1. Pata udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi. Pata na mchanga. Changanya mafungu matatu yenye vipimo mbalimbali, na uviandike vipimo hivyo. Kwa kila fungu finyanga donge lenye ukubwa wa chungwa. Yaanike kivulini siku 3. Kisha yaangushe kutoka kimo cha kiuno. Donge lisilopasuka ndilo lenye kipimo kizuri. Donge likiwa na nyufa, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo.

2. Changanya udongo mwingi kwa kipimo ulichokipata. Tia nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kanyaga kwa miguu mpaka ulainike. Uache mpaka kesho yake, ukanyage tena.

3. Chagua mahali kando ya ukuta, mbali na mlango, ili upepo usipulize moto na watoto wasipite hapo. Jenga jukwaa la mawe na udongo.

4. Juu ya jukwaa jenga jiko lenye matundu mawili ya sufuria, moja nyuma ya jingine. Tumia sufuria zako zenyewe kama kipimo. Zilowanishe nje, zizungushe ndani ya udongo, kisha uzitoe. Sufuria ikae sawasawa, moshi usipenye pembeni.

5. Toboa mdomo wa kuni wenye upana wa sentimeta 15 hadi 20. Kutoka chini ya moto hadi chini ya sufuria iwe karibu sentimeta 15. Toboa njia ya kupitisha moto kutoka tundu la kwanza hadi la pili, na kutoka la pili hadi kwenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi.

6. Acha jiko likauke wiki 2 hadi 3. Usiwe na haraka. Siku hizo pikia nje. Likikauka, washa moto mdogo siku za kwanza. Ukiona nyufa, zizibe kwa udongo uleule.

Hapa familia yetu ya mfano ilikosea. Baba alijenga jukwaa peke yake, akalipima kwa kimo chake. Mama alipokuja kusonga ugali, mwiko ulikuwa kifuani kwake. Ugali hutaka nguvu ya mabega, na mtu hawezi kuusonga akiwa amenyoosha mikono juu. Walivunja jukwaa, wakapoteza kazi ya siku 2. Mara ya pili mama alisimama, akashika mwiko, baba akapima kimo hicho kwa mti. Kwa hiyo usimpimie mpishi jiko. Mwache ajipimie mwenyewe.

Jiko zuri halitaki kuni mbichi. Pasua kuni ziwe nyembamba, uzianike. Zitie kidogo kidogo, wala usijaze mdomo wa jiko. Ukipika kwa sufuria moja tu, funika tundu la pili.

KAZI YA TATU: DOHANI

Dohani hujengwa nyuma ya tundu la pili. Tumia matofali ya kuchoma na udongo. Tundu la ndani liwe na upana wa karibu sentimeta 12. Lipande moja kwa moja hadi nje, lipite juu ya paa kwa sentimeta 50 au zaidi. Juu yake weka kofia ya bati ili mvua isiingie, lakini acha nafasi ya moshi kutoka.

Mahali dohani inapopita kwenye paa, miti ya paa ikae mbali nayo, si chini ya sentimeta 20.

Kama paa lenu ni la nyasi au makuti, usipitishe dohani ndani ya nyasi. Cheche moja inatosha kuteketeza nyumba. Anza na dirisha, nafasi ya chini ya paa, na kuni kavu. Dohani isubiri mpaka mpate bati, au mwombeni fundi ushauri wa kuitoa kupitia ukutani.

Safisha masizi ya dohani kila mwezi kwa fimbo ndefu iliyofungwa matambara. Dohani iliyoziba huurudisha moshi ndani.

BIBI ANAULIZA

Jiko lilipokuwa linajengwa, bibi hakufurahi. Alionyesha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya mafiga. Akasema, "Wanangu, moshi huu mnaoufukuza ndio unaotunza mbegu yangu. Ndio unaozuia wadudu wasile miti ya paa. Mkiutoa, mtapanda nini?"

Usimcheke bibi. Anasema kweli. Wazee wetu waliutumia moshi kwa akili. Moshi huzuia dumuzi kwenye mahindi, na hufukuza wadudu kwenye miti na nyasi za paa. Kwa hiyo ukiutoa moshi, lazima uweke kitu kingine mahali pake.

Mama alimjibu kwa heshima, "Mama, mbegu yako haitapotea. Tutaitafutia mahali." Waliikausha mbegu juani juu ya turubai. Wakaipukuchua, wakachagua punje nzima, wakaitia kwenye dumu safi na kavu. Dumu likajazwa mpaka mdomoni, likafungwa kabisa hewa isiingie. Wadudu hufa wakikosa hewa. Lakini mbegu ikiwa mbichi itaoza humo, kwa hiyo ukaushaji ndio kazi yenyewe. Miti ya paa nayo baba huikagua kila mwaka kabla ya mvua.

Bibi aliliweka dumu chini ya kitanda chake. Akasema atangoja msimu wa kupanda ndipo atoe shukrani.

KAZI YA NNE: KUTA NA SAKAFU

Kwangua masizi ya kuta, ukifunga kitambaa puani na mdomoni. Ziba nyufa zote. Nyufa ni nyumba ya mende na panya. Kandika upya kwa udongo laini na mchanga. Ukikauka, paka chokaa. Chokaa hutoa mwanga mwingi kwa fedha kidogo. Ukuta mweupe huonyesha uchafu, nao humfanya mtu ausafishe. Unapopaka chokaa jihadhari isikuingie machoni, maana huunguza.

Sakafu ifanywe mwisho, baada ya jiko la udongo kukamilika. Kama huna fedha za saruji, mwaga maji kidogo, shindilia udongo na changarawe kwa mti mzito, kisha laza udongo laini juu yake. Utaurudia kila unapochimbika.

Kama fedha zipo, sakafu ya saruji ni bora, kwa kuwa huoshwa. Shindilia ardhi kwanza kwa mawe madogo. Changanya sehemu 1 ya saruji na sehemu 4 za mchanga safi usio na udongo wala chumvi. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni karibu madebe 2, kwa hiyo mchanga wake ni madebe 8. Mfuko huo utatosha karibu mita 5 za mraba, ukiweka unene wa sentimeta 2 na nusu. Jiko la mita 3 kwa mita 3 ni mita 9 za mraba. Mifuko 2 inatosha.

Maji ya kuchanganyia yasizidi, maana yakizidi sakafu itakuwa dhaifu. Ikishakuwa ngumu, ilowanishe kila siku kwa siku 7. Watu wengi huacha kuilowanisha, sakafu ikapasuka, halafu wakamlaumu mwenye duka.

KAZI YA TANO: VYOMBO, MAJI NA MIKONO

Vyombo vikilazwa chini, kuku na mbwa huvilamba. Jenga kichanja nje ya jiko, mahali penye jua. Chimbia miti 4 na upange fito juu yake. Kimo chake kiwe cha kiuno. Vyombo vikioshwa vipangwe hapo, vikaushwe na jua.

Ndani ya jiko pigilia rafu moja au mbili za mbao. Chumvi, mafuta na unga vikae juu. Viberiti na mafuta ya taa vikae mbali na mikono ya watoto, wala mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto huidhani ni soda, akanywa.

Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye kifuniko, na kata ya kuchotea yenye mkono mrefu.

Kando ya kichanja weka kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5. Litoboe tundu dogo karibu na mdomo. Litundike kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, na mwisho wa kamba ufunge kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika, wala mkono mchafu haugusi dumu. Tundika sabuni kando yake. Weka changarawe chini ili pasiwe na tope.

KAZI YA SITA: MAHALI PA KULIA

Mahali pa kulia si lazima pawe chumba kipya. Familia yetu ya mfano ilitumia baraza ya nyuma ya nyumba kubwa, ambayo ilikuwa ya kuwekea majembe tu. Majembe yalihamishwa.

Kando ya ukuta walijenga benchi la matofali mabichi, lenye kimo cha sentimeta 40 na upana wa sentimeta 40. Walilikandika na kulilainisha. Baba alitengeneza meza ya mbao za zamani, akazipiga randa. Misumari ndiyo iliyonunuliwa.

Kama mnapenda kukaa kwenye mkeka, kaeni kwenye mkeka. Mkeka hauna kosa. Kosa ni kulia kando ya moto na maji yanayochemka.

Kila mtoto mdogo apewe sahani yake. Mtoto akila sinia moja na kaka zake wakubwa, hawezi kushindana nao. Akiwa na sahani yake, mama huona amekula kiasi gani. Akipungukiwa, huonekana siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza kulia barazani, baba alikaa na chakula chake kama kawaida sebuleni. Mtoto wa miaka miwili alimfuata, akamshika kidole, akamvuta. Baba aliinuka na sahani yake, akaenda barazani. Tangu siku hiyo amekuwa akila na watoto. Huko ndiko alikojua kwamba mwanawe wa pili hapendi mboga za majani, na kwamba binti yake anataka kuwa muuguzi.

FEDHA ZILITUMIKA VIPI?

Hii ndiyo orodha ya tatu ya familia hiyo:

Saruji mifuko 2.
Chokaa mfuko 1.
Misumari kilo 1.
Bawaba za dirisha jozi 1.
Ujira wa fundi wa sakafu, siku 1.

Mengine yote yalitoka nyumbani na mikononi mwao. Bei hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo andika bei za kwenu kando ya kila kitu, kisha ujumlishe kabla ya kutoka nyumbani. Fedha zilizobaki zilinunua sare za shule.

Kama fedha za mwaka huu ni chache, fuata utaratibu huu: kwanza dirisha, pili jiko la udongo, tatu kibuyu chirizi na kichanja. Hivi vyote huweza kufanywa karibu bila fedha. Saruji, chokaa na meza vinaweza kungoja mavuno mengine. Mapafu ya mtoto hayawezi kungoja.

JAMBO LA KUKUMBUKA

Jiko banifu hupunguza moshi, lakini haliumalizi. Ni hatua moja. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, kama gesi na umeme. Ukiweza kununua jiko la gesi, hata kwa kupikia chai ya asubuhi tu, utakuwa umepunguza moshi wa siku nzima. Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa. Gesi ikivuja hukaa chini, kwa hiyo jiko liwe na matundu ya hewa chini ya ukuta pia. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti. Fungua milango, funga mtungi, toka nje.

Jiko la mkaa nalo usiliingize katika chumba cha kulala, hata kukiwa na baridi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Watu hulala nayo wasiamke.

Na mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake udongo, dawa ya meno wala mafuta. Kisha mpeleke zahanati.

TUANZE

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo na kusafisha nyumba zao. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejifunza kusoma. Hawakungoja watajirike ndipo waanze.

Mama wa nyumba yetu ya mfano bado hukohoa siku moja moja, lakini si kila usiku. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku 2, sasa huenda siku 3. Mvua zilipoanza, bibi alifungua dumu lake. Alimimina mbegu kwenye ungo, akaipepeta, akaitazama punje kwa punje. Hakuona dumuzi hata mmoja. Akasema, "Haya, tukapande."

Ndugu msomaji, nawe chukua daftari lako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika jiko lenu, ni jambo gani linalowadhuru zaidi? Nani wa nyumbani anayelijua vizuri?
2. Ni vitu gani vya kazi hii mnavyo tayari bila kununua?
3. Kwa nini jukwaa la kwanza la baba lilivunjwa?
4. Bibi alikuwa na hofu gani? Je, kijijini kwenu mbegu huhifadhiwa namna gani?
5. Mkiwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, mtaanza na ipi?